Pumzi Iliyozuia Treni

Kwihara, Jumamosi alasiri

Mwanangu Kalunde,

Tiketi yako ipo mbele yangu hapa mezani, chini ya kopo la chumvi, pale pale ulipoiacha asubuhi. Umekwenda Isikizya kumwambia shangazi yako kwamba huendi tena Mtwara. Mimi hukuniambia hivyo. Umeniambia unakwenda kumsalimia. Lakini juzi nilikuwa nyuma ya jiko napanga kuni, nikakusikia ukiongea naye kwenye simu: "Baba hataki niondoke, shangazi. Hajasema, ila mimi namjua." Baadaye nikakusikia chumbani ukirudisha nguo kabatini.

Treni ya kukufikisha pwani, ukapande basi la Mtwara, ni kesho. Utarudi leo jioni, na najua tukikaa uso kwa uso nitakuuliza kama umekula, utasema umekula, na mazungumzo yataishia hapo. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Uvumilie mwandiko. Mara ya mwisho kuandika barua ndefu nilikuwa kijana, namwandikia mama yako, naye alinijibu kwa kunisahihisha makosa kabla hajanijibu niliyomuuliza.

Mambo ya kuchunga begi kituoni, kuchemsha maji ya kunywa na kutomwamini kila anayekuita dada, hayo nayaacha. Unayajua kuliko mimi, na mama yako ameshakutumia ujumbe wa sauti kutoka Igunga mrefu kama mahubiri ya Krismasi. Mimi nataka kukuandikia habari za Mzee Pumzi. Cheka kwanza, halafu uendelee kusoma.

Unakumbuka ulivyoniingiza katika mambo haya? Ulikuwa kidato cha pili. Ulitoka shule, hukufika nyumbani, na mtu akaniambia amekuona ukiingia kibanda umiza, kile cha kuonyeshea video kule karibu na soko. Nilikwenda na hasira zangu zote. Nilikuwa nimeshapanga maneno ya kukwambia, na mimi nikipanga maneno ujue mambo yameharibika. Nikasukuma pazia. Giza, joto, vijana wamebanana kwenye mabenchi. Kijana mmoja akaniona, akasimama haraka. "Shikamoo mzee. Umepotea njia?" Nikamwitikia marahaba, na nilipoinua macho nitafute ulipo, nikaona kwenye televisheni katuni ya mtu wa makamo, ana kitambi, nywele zimemtoka utosini, anatafuta miwani yake chumba kizima. Miwani ilikuwa kichwani.

Asubuhi ile ile mimi nilikuwa nimetafuta kisu cha kukatia masega ya nyuki mpaka nikamtukana kuku, kumbe nimekishika mkononi.

Basi nikakaa. Hukuamini. Ulinitazama kama mtu aliyeona mbuzi ameingia kanisani. Tulitoka pamoja sehemu ile ilipokwisha, na njia nzima ya kurudi sikukugombeza. Nilikuuliza tu, "Na yule mwanamke wa ghorofani, atamwokoa?" Ukasema, "Kesho kutwa, baba, ndiyo tutajua." Kesho kutwa yake tukaenda wote.

Nilijiuliza sana kwa nini nilimpenda yule mtu. Katuni za Kijapani zilikuwa nyingi pale kibandani, na mashujaa wake wengine wote walikuwa vijana wembamba wenye nywele za kusimama, wakianguka kutoka mawinguni wanainuka wanajifuta vumbi. Sikuwa na shida nao, lakini hawakunihusu. Huyu Mzee Pumzi alikuwa fundi wa mabomba. Uwezo wake ulikuwa mmoja tu: akibana pumzi, kitu chochote anachokitazama kinasimama pale pale. Jiwe linaloanguka linasimama hewani. Gari linalokwenda kugonga linasimama. Lakini akipumua tu, kinaendelea na safari yake. Ujanani alikuwa anaweza kubana pumzi mpaka jengo zima litoke watu. Sasa ameshazeeka na kifua kimechoka, anaweza mpaka watoke watoto na wamama tu, na hao wengine inabidi akawatoe kwa mkono kama watu wengine. Kwenye ajali anafika kwa basi. Anafika amechelewa, anahema, magoti yanamuuma, polisi wanamwambia mzee sogea huko. Usiku anakula wali peke yake, akitazama kiti cha pili kisicho na mtu.

Mimi hapo kwenye kiti ndipo aliponipata kabisa, mwanangu. Sijawahi kukwambia.

Nilipokuuliza wewe umempendea nini, ulisema, "Anafanana na wewe." Nikasema mimi sina kitambi. Ukasema, "Baba bwana, sijasema kitambi."

Niliwapelekea habari zake mpaka msituni. Kule kambini kwetu warina asali, mchana jua likiwa kali hatufungui mizinga ya nyuki, tunakaa kivulini tunasubiri. Zamani tulikuwa tunakaa kimya au tunalalamikia bei. Siku moja nikawasimulia Mzee Pumzi, mwanzo mpaka nilipofika. Wale watu wazima, unawajua, Masanja na wenzake, wenye wajukuu, walinisikiliza kama watoto. Tangu siku hiyo kila nikifika kambini swali la kwanza si hujambo. Ni "Enhe, yule mtu wetu kafikia wapi?" Walibishana. Masanja alishikilia kwamba afanye mazoezi ya kukimbia arudishe kifua. Mwingine akasema aoe. Tulikaa pale, watu wa miaka hamsini na ushee, tunampangia maisha fundi wa mabomba wa Japani. Nadhani hakuna aliyewahi kutusimulia shujaa ambaye kupanda ngazi kwake ni kazi.

Halafu kuna lile neno lake. Unalijua. Sehemu ya daraja, basi la wanafunzi limening'inia, yeye amesimama mvuani amelitazama basi, watoto wanatoka mmoja mmoja, na anasema, "Nimechoka, lakini sijaondoka." Kibanda kizima kililipuka kwa makofi. Mimi sikupiga makofi, nilikuwa nalirudia lisinipotee. Neno hilo nililichukua likawa langu. Goti likinigoma nikiwa juu ya mti, nimekumbatia tawi na mzinga unanguruma karibu na sikio, nilikuwa nalisema moyoni. Mwaka ule mvua ilipokataa na nyuki wakahama, nililisema. Masanja naye alilichukua, akawa anamwambia mkewe, na mkewe akamwambia hakuna anayemzuia kuondoka.

Sasa ngoja nikueleze kuhusu nyuki, maana wewe ulikuwa unaijua asali ikishafika kwenye ndoo. Nyuki hawapendi pumzi ya mtu. Moshi wanauvumilia, mkono wanaweza kuuvumilia, lakini ukiwapumulia usoni wanachafuka, na ukiongea ndiyo umewapumulia zaidi. Baba yangu alinifundisha nikiwa mdogo sana: ukifungua mzinga, geuza uso, bana pumzi, funga mdomo, maliza kazi. Ukitaka kupumua, pumulia pembeni. Alikuwa mtu mkali, na mimi nilikuwa mwanafunzi mzuri. Nimefungua mizinga maisha yangu yote na naweza kuhesabu kwa vidole mara nilizoumwa vibaya.

Tatizo ni kwamba kanuni ile nilirudi nayo nyumbani. Sikukusudia. Mtu hana mlango wa kuvulia kazi yake kama anavyovua viatu. Kitu chochote kikinguruma ndani ya nyumba, mama yako akiwa na huzuni, wewe ukiwa na homa, mimi mwenyewe nikiwa na hofu, niligeuza uso, nikabana pumzi, nikasubiri kitulie. Niliamini kwa dhati kwamba nikifungua mdomo ndipo nitaharibu.

Siku mama yako alipoondoka ulikuwa unacheza na vifuniko vya ndoo. Labda unakumbuka vifuniko tu. Mimi nilikuwa nachuja asali kwenye kitambaa. Alisimama mlangoni na begi lake. Alisimama muda, Kalunde. Nilijua anasubiri nini, na maneno nilikuwa nayo, yalikuwa yamejaa mdomoni. Niliona nikisema moja nitalia, nikilia utalia, na nyumba nzima itatuangukia. Nikaendelea kuchuja. Alipoondoka nilimaliza ndoo ile, nikaifunga, nikaenda kukupikia ugali. Miaka mingi baadaye, ameshaolewa Igunga na hana tena kinyongo, aliniambia kwenye simu, "Hata ungesema 'koti lako umelisahau' ningekaa." Na kweli alikuwa amelisahau. Koti lilikuwepo msumarini. Nililiona.

Sikuandikii haya ili unionee huruma wala umlaumu mtu. Nimeyaandika kwa sababu baada ya hapo ulianza kazi ambayo hukuomba. Ulikuwa mdogo, na ulianza kunisemea. Mwalimu wako alipokuja kuniambia umekuwa wa kwanza darasani, mimi nilitikisa kichwa tu, wewe ukadakia, "Baba anasema asante sana mwalimu, amefurahi." Bibi yako alipokuwa anaumwa, nikakaa pembeni ya kitanda chake nimeinamisha kichwa, ulimshika mkono ukamwambia, "Bibi, baba anasema anakupenda sana." Akanitazama. Alifurahi, nikaona. Na ilikuwa kweli, ndilo neno nililokuwa nalo. Nilibaki nashangaa mtoto huyu amelitoa wapi. Alikufa akiwa ameambiwa, kwa sababu yako. Una jina lake, ndiyo maana nakuita mama, lakini deni langu kwako kwa siku ile ni zaidi ya jina.

Basi nikazoea. Nikawa na mtu wa kunitafsiri, kwa hiyo sikuwa na haja ya kujifunza kusema.

Ukapata simu yako, kioo kimepasuka siku ya pili tu, na tukaacha kwenda kibandani. Jumapili tukitoka kanisani tukawa tunaiegemeza kwenye ndoo ya asali, wewe huku, mimi huku. Katuni zenyewe sasa zilikuwa hazina DJ wa kutafsiri kwa Kiswahili juu ya picha kama kule kibandani, zina Kijapani chao na maandishi ya Kiingereza chini, na wewe ukawa unanisomea kwa Kiswahili polepole. Mimi nilikuwa nanung'unika kwamba yule DJ alikuwa na sauti nzuri kuliko wewe. Ulisema, "Basi nenda kwa DJ wako." Zilikuwa Jumapili nzuri sana, na nilizihesabu kuwa hazina mwisho, jambo ambalo kwa mtu wa umri wangu ni upumbavu.

Halafu siku ile ukaileta sehemu ya daraja. Nilijiweka sawa kwenye kigoda. Basi likaning'inia, mvua ikanyesha, Mzee Pumzi akasimama. Nikasubiri neno langu. Watoto wakatoka. Hakusema kitu. Nikakuambia umeruka, rudisha nyuma. Ukarudisha. Hakusema kitu.

"Baba," ukasema, na ulikuwa umeshaanza kucheka, "kabana pumzi. Atasemaje?"

"Alisema. Nilimsikia kwa masikio yangu. 'Nimechoka, lakini sijaondoka.'"

"Ni DJ huyo, baba! DJ ndiye alisema. Aliona jamaa kimya, akamwekea maneno. Ona, mashavu yamejaa. Akisema tu, basi linaanguka."

Nilitoka nje nikaenda kuangalia kuku. Hawakuwa na shida yoyote kuku wale. Uliniita, nikasema naja, nikakaa huko mpaka ukaenda kulala. Utakuwa ulidhani nimekasirika kwa kuchekwa. Hapana. Nilikuwa najiuliza imekuwaje nimelitazama lile tukio na kulisimulia mara zote zile, mimi, ambaye kazi yangu ni kubana pumzi, nisione kwamba mtu aliyebana pumzi hawezi kusema. Kibanda kizima hakuna aliyeliona. DJ mmoja mahali fulani alichoka na ukimya wa yule mzee, akamtungia neno, na mimi nikaishi nalo miaka. Nilijiona nimedanganywa, na nilijiona mpweke kwa namna ya kijinga kabisa, kama mtu aliyepokonywa rafiki. Masanja mpaka leo sijamwambia.

Nimekufikisha hapa ili nikwambie la juzi.

Juzi ile niliyokusikia nyuma ya jiko, nilitaka kuingia nikwambie hapana, sivyo. Nilifika mpaka mlangoni. Ulikuwa umenipa mgongo, unakunja lile gauni la bluu. Na mimi, mwanangu, nikageuza uso. Kesho yake ukaenda kisimani ukaacha simu kwenye chaji. Nikaichomoa, nikaifungua vile ulivyonifundisha. Nilitafuta ile sehemu ambayo yule binti wa mwavuli, msaidizi wake, anapata kazi mji mwingine na anaondoka kwa treni. Uliponisomea ile sehemu kipindi cha Pasaka, wakati unatuma maombi ya kazi, uliniambia Mzee Pumzi amesimama pembeni ya reli na anamwambia, "Nenda. Mimi nitakuwa salama." Nilikumbuka sauti yako ilivyokuwa pale. Ulisoma taratibu, na hukuwa unatazama simu. Ulikuwa unanitazama mimi.

Nikaiangalia peke yangu. Binti amekaa dirishani. Kengele imelia, honi imepigwa, na treni haiondoki. Abiria wanatoa vichwa nje. Dereva anashuka anakagua magurudumu. Nikasogeza simu karibu na macho, nikamwona yule mzee pembeni, mikono mfukoni, anaitazama treni. Mashavu yamejaa. Chini ya picha hapakuwa na maandishi yoyote, hata herufi moja. Hakusema nenda. Hakusema atakuwa salama. Alikuwa ameishika treni nzima kwa pumzi yake, hawezi kuiachia, na msichana ndani anasubiri.

Maneno yale uliyatunga wewe. Ulimwekea mdomoni kama ulivyoniwekea mimi kwa bibi yako. Isipokuwa safari hii ulikuwa unaniomba niyaseme, na mimi nikaitikia kwa kusema hii sehemu fupi sana.

Ulipokuja na barua ya kazi, ukaisoma kwa sauti, kupima maji maabara, Mtwara, mkataba na kila kitu, sauti yako ilikuwa inapanda kama ulipokuwa mdogo. Ukamaliza, ukanitazama. Nikachovya tonge, nikala. Nikachovya lingine. Ningeweza kusema hongera. Ni neno fupi. Badala yake ukaona mtu amefunga mdomo, ukafanya kazi yako ya siku zote, ukanitafsiri: baba hataki niende. Sikulaumu. Kwa mara ya kwanza ulinitafsiri nusu. Nusu moja ya maneno niliyokuwa nimeyabana ndiyo hiyo hiyo. Ya pili ni hii ninayoandika.

Wiki nzima hii nimekuwa nikiwaza watu wa njia yetu ya zamani ya misafara. Wageni wanakuja kuangalia tembe, ile nyumba ya kale hapa Kwihara, wanauliza misafara ilipita wapi, wapagazi walibeba nini, walifika pwani baada ya muda gani. Hakuna anayeuliza waliobaki walifanya nini. Baba yangu alinisimulia jambo moja tu kuhusu babu yake aliyekwenda pwani na mzigo begani: kwamba mama yake kila asubuhi alifagia njia mbele ya nyumba, mpaka mbali kule ambako hapakuwa na sababu ya kufagia. Hakusimuliwa kama mama huyo alilia au alisema nini siku mwanawe anaondoka. Mwana alirudi, la sivyo tusingekuwepo mimi na wewe. Mimi ndiyo maana leo umekuta nimefagia uwanja mpaka barabarani, ukaniuliza kuna sherehe gani.

Nikwambie ukweli wa nyumba hii itakavyokuwa, kwa sababu nikiuacha wazi utautunga wewe, na utautunga mbaya kuliko ulivyo, au mzuri kuliko ulivyo. Jioni itakuwa mbaya. Nitapika chakula kingi kupita kiasi kwa siku nyingi, najijua. Jumapili sitajua pa kukaa. Nitakiona kigoda chako na sitakihamisha. Kuna wakati nitakuita kabla sijakumbuka. Nina hofu ya upweke kuliko ninavyohofia mti mrefu, na mti mrefu nauhofia sana siku hizi. Kuhusu huo, Masanja atapanda kwenye mizinga ya juu, mimi nitabaki na mizinga ya chini ile uliyonishauri na ambayo niliikejeli. Goti limekubaliana na wewe. Sitakufa kwa sababu umeondoka. Nitasononeka, na kusononeka si ugonjwa wa kumfanya mtoto arudishe nguo kabatini.

Na ukibaki? Nimelifikiria hilo kwa uroho, sitakuficha. Nililipenda siku mbili. Ningekuwa na wewe hapa, chai yangu ya asubuhi, sauti yako jikoni. Kisha nikakuona ukiwa na umri wangu, umekaa kiti hiki, umenitafsiri maisha yako yote, na huna hata mtu wa kukutafsiri wewe. Nikaona huyo ndiye mtu nisiyeweza kumwokoa hata nikibana pumzi mpaka nizimie.

Ile sehemu ya treni sikuimalizia kukusimulia. Yule mzee hatimaye anaachia. Hapigi kelele, hapungi mkono. Mashavu yanashuka, mvuke unamtoka mdomoni kwa sababu ni baridi, na treni inaondoka. Niliirudisha hapo mara nyingi mpaka chaji ikapungua ukaniuliza nani amechezea simu. Kilichonishangaza ni kwamba alipopumua hakuna kitu kilichoanguka. Treni ilikwenda ilikotakiwa kwenda, basi.

Nguo zako nimezitoa kabatini, nimezipanga begini. Sijui kukunja gauni, utaona. Chupa ya asali nimeifunga kwa mfuko mara mbili, ipo katikati ya mashuka. Sehemu ya mwisho ya Mzee Pumzi hatujaiangalia, na usiniwekee leo usiku, sitaki. Iangalie huko, Jumapili yako ya kwanza ya mapumziko, halafu unipigie uniambie alichosema. Kama hakusema kitu, niambie hakusema kitu. Usimwongezee.

Yale maneno ya Pasaka nayarudisha kwako, lakini nimeyasahihisha, kama mama yako alivyonisahihisha mimi, maana hayakuwa sawa. Haya hapa, na ni yangu. Hongera, Kalunde. Nakupenda, mama. Nenda. Mimi sitakuwa salama sana, na bado nasema nenda.

Kesho nitakubebea begi mpaka kituoni na nitasimama pale nje ya dirisha lako. Mazoea ya miaka hamsini hayaishi kwa barua moja. Kwa hiyo honi ikishapigwa, na ukaona treni inachelewa kuondoka, niangalie mashavu. Yakiwa yamejaa, nigongee kioo. Nitapumua.

Aliyeanza kusema akiwa mzee,
baba yako